Kujiandaa kwa Mashindano ya Kuvua Sato kwa Ndoano

Vijana wa mwaloni wananiuliza: mtu aliye peke yake kwenye mtumbwi mdogo ajiandae vipi kwa mashindano ya kuvua sato? Wengi huanza na chambo. Mimi naanza na jaketi okozi, maana hakuna zawadi inayolingana na uhai.

Jioni ya kuamkia mashindano, kagua mtumbwi. Ziba panapovuja, weka kopo la kuchotea maji na kasia la akiba. Toka alfajiri: hapa Ziwa Victoria, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi huinuka.

Mdomo wa sato ni mdogo, hivyo tumia ndoano ndogo yenye mnyoo, karibu na magugu, kwenye kina kifupi. Shusha nanga taratibu. Kelele za kasia humkimbiza. Jike mwenye mayai au vifaranga mdomoni mrudishe majini, na pia sato aliye chini ya sentimita 25. Hao ndio samaki wa kesho.

Beba barafu, mnunuzi hataki samaki aliyelegea.

Nami nikialikwa kuwa mwamuzi, asiye na jaketi simwandikishi, hata akiwa ndugu yangu.