Mate, Maziwa na Mabuyu

Kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaishi Wahadzabe, watu ambao jumla yao ni elfu moja na ushei tu, na lugha yao haina ndugu ajulikanaye popote duniani. Kusini, chini ya Mlima Hanang, Wadatoga huchunga ng'ombe na husema lugha ya ukoo wa Kiniloti. Juu ya uwanda wa Mbulu Wairaqw hulima na kufuga, nao lugha yao ni ya Kikushi. Majirani hawa wamebadilishana asali na nafaka, wamegombana na wameoana. Hata hivyo kila jamii imebaki na jiko lake, na jiko hilo limeacha kumbukumbu mwilini.

Hayo si mafumbo ya washairi peke yao. Mwaka 2007 George Perry na wenzake walichapisha utafiti juu ya jeni inayotengeneza amilasi, kimeng'enya cha mate ambacho huanza kuuvunja wanga chakula kingali kinywani. Binadamu hutofautiana kwa idadi ya nakala za jeni hiyo. Watafiti walizigawa jamii saba katika mafungu mawili: zinazokula wanga mwingi na zinazokula wanga haba. Mhadzabe, mla mizizi ya porini, aliwekwa safu moja na Mjapani na Mmarekani wa asili ya Ulaya. Mdatoga, mnywa maziwa, aliwekwa pamoja na Wambuti wa misitu ya Kongo na Wayakuti wa Siberia. Katika fungu la kwanza asilimia 70 ya watu walikuwa na nakala 6 au zaidi. Katika la pili, asilimia 37. Majirani wa nchi moja wakatengana, na watu wasiopata kuonana wakakutana. Rangi ya ngozi haikuulizwa. Kilichoulizwa ni chungu kimepika nini.

Mwaka huohuo Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walitoa matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Mtoto mchanga humeng'enya sukari ya maziwa bila taabu, lakini watu wengi duniani hupoteza uwezo huo baada ya kuachishwa ziwa. Kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki uwezo huo hubaki hadi uzeeni, kwa mabadiliko ya jeni yaliyozuka mbali na yale ya Ulaya, na kuenea katika miaka elfu chache iliyopita. Ng'ombe alitangulia, mwili ukafuata.

Lakini urithi si mwamuzi wa pekee. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30. Watu hao walinyweshwa maji yenye alama, kisha mkojo wao ukapimwa ili ijulikane mwili unatumia nguvu kiasi gani kwa siku. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kila siku, wanawake takriban 6. Ungetarajia wateketeze nguvu nyingi mno kupita karani wa mjini. La! Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao yalilingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Siri ya wembamba wao haikuwa jasho tu, na watafiti wakageuza macho kuelekea chakula.

Na chakula kina mapishi yake. Mhadzabe huponda ubuyu na kuuchanganya na maji. Kisiwani ubuyu huohuo hupikwa kwa sukari na rangi, mtoto akaumumunya njiani aendapo chuoni. Mbuyu haukubadilika, uliobadilika ni mkono wa mpishi.

Hapo ndipo elimu ya mate na maziwa inapogusa ardhi. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima ngano katika ekari zaidi ya 70,000 za nyanda za Hanang. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walipoteza malisho bora na hata njia za kuyafikia makaburi ya wazee wao. Mwili ulihitaji karne nyingi kujifunza maziwa; trekta lilihitaji misimu michache tu kumnyima ng'ombe majani. Huko Yaeda nako mapori yalizidi kumegwa, hadi mwaka 2011 Wahadzabe walipopata hati za kimila za ardhi. Hati hizo zililinda miti na wanyama, na pamoja navyo chakula ambacho mate ya watu hao yanakitambua.

Methali husema, mwacha asili ni mtumwa. Hunukuliwa sana juu ya mavazi na lugha. Wahenga hawakututajia jina la yule ambaye hakuiacha asili, bali asili ilitwaliwa kutoka miguuni pake, naye akabaki na tumbo linalongoja maziwa na kinywa kinachongoja mizizi.