Barua kwa Mjomba kutoka Rubondo

Kageye, Kisiwa cha Rubondo

Mjomba,

Nilipokuja kukuaga Ngenge uliniuliza swali zito. Sisi ni watu wa kutembea tangu alfajiri: shambani, mtoni, gulioni, msibani. Iweje mmoja wetu alipe nauli ya basi na boti ili akatembee tena? Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nimetembea na swali hilo humu msituni, na sasa nadhani naweza kulijibu.

Nianze na njia, maana najua utauliza. Kutoka Muleba tuliteremka kusini hadi Kyamyorwa, tukakamata barabara ya Buzirayombo hadi Muganza, na karibu yake ndipo boti ya hifadhi inapokea wageni. Shangazi alikuwa na hofu ya maji, na hofu yake naiheshimu. Kwetu Kagera ukitaja safari ya ziwani, mtu hukumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Mwambie kila abiria alivalishwa jaketi la kuokolea maisha kabla injini haijawashwa, na kwamba tulivuka asubuhi, ziwa likiwa limetulia.

Kisiwa ni kirefu na chembamba, kama kilomita 28 kutoka kaskazini hadi kusini. Kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1977, kikiwa na visiwa vidogo vinavyokizunguka na maji yaliyo kati yake, jumla kilomita za mraba zipatazo 457.  Leo kimo katika Mkoa wa Geita, ulioanzishwa 2012.

Nimepanga katika mabanda ya hifadhi hapa Kageye. Ni nyumba ndogo zilizotazama ziwa, zina kitanda na chandarua, na mgeni anajipikia. Nilikuja na ndizi, maharage na kahawa ya nyumbani, kwa hiyo sijaona njaa. Usiku viboko hupanda kutoka majini kuja kula majani karibu na mabanda. Hapo hakuna anayetoka nje peke yake. Unamsikia mnyama akikata nyasi nyuma ya ukuta, nawe unalala ukijua kuwa mwenye nyumba ni yeye.

Kutembea kwenyewe huanza mapema. Askari wa hifadhi hutangulia na bunduki, mgeni hufuata. Simba hakuna, chui hakuna, wala fisi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuka kisiwa hiki kwa miguu, wakati katika hifadhi nyingi za nchi yetu wageni wengi hutazama wanyama wakiwa ndani ya gari. Tahadhari ni kwa tembo, viboko, mamba wa ufukweni na nyoka. Mbung'o wapo pia, kwa hiyo shati la mikono mirefu ni lazima.

Siku ya kwanza nilitembea mwendo wetu wa nyumbani, ule wa mtu anayewahi. Askari alisimama, akanisubiri nitulie, kisha akanionyesha nilichokuwa nimekipita: nyayo ndefu zilizopanuka kwenye tope pembeni mwa mafunjo. Zilikuwa za nzohe, swala wa majini. Kwato zake ndefu hufunguka anapokanyaga, ndiyo maana hutembea juu ya kinamasi ambamo wewe na mimi tungezama. Tulikaa kimya nyuma ya mkindu hadi alipotokea, mwekundu wa kahawia, akala, akarudi kwenye mafunjo bila haraka. Juu yetu tai mla samaki alikuwa akiita na mwenzake akimjibu kutoka mti wa mbali.

Ndani ya msitu habari ni nyingine. Miti mikubwa imefungwa na mimea minene ya kutambaa, na jua linafika chini kwa vipande. Huko ndiko waliko sokwe, na kisa chao nakisimulia ili uwasimulie watoto. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta hapa sokwe 17. Wengi wao walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakapelekwa Ulaya na kufungwa katika bustani za wanyama na sarakasi. Walipofunguliwa kisiwani hakuna aliyewafundisha tunda gani ni chakula na lipi ni sumu, wala namna ya kukunja matawi kutengeneza kitanda cha usiku mtini. Walijifunza wenyewe. Wanaoishi leo ni wazao wao, na hawajawahi kuona kizimba.

Tuliwatafuta kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, maana magonjwa yetu yanaweza kuwaua. Tulipowafikia, mama mmoja alikuwa juu ya mtini akichambua manyoya ya mtoto wake kwa uangalifu ule ule ninaoujua kwa akina mama wa Ngenge. Sikupiga picha. Nilitaka kumtazama.

Siyo wanyama wote walioletwa hapa waliofanikiwa. Twiga, tembo na mbega wapo. Lakini vifaru walioletwa miaka ya 1960 walimalizwa na majangili. Kifaru tunayemshika kila siku kwenye noti ya shilingi 5,000 aliwahi kukanyaga udongo huu, na mtu mwenye bunduki na mnunuzi wa pembe wakamwondoa.

Kuna jambo jingine ambalo nisingependa ulisikie kwa mwingine. Kabla ya wanyama hawa, palikuwa na watu. Wazinza, jirani zetu ambao lugha yao inakaribiana sana na Kihaya, walivua na kulima hapa hadi walipohamishwa miaka ya 1960 ili kisiwa kihifadhiwe. Wewe unajua kibanja ni nini: ni migomba, ni mibuni, ni makaburi ya wazee. Mtu akiondolewa kwenye kibanja, haondoki na yote. Kila nilipopita mahali tambarare panapofaa nyumba, niliwafikiria. Naipenda hifadhi hii, na kwa sababu hiyo hiyo naona kwamba gharama ya utulivu wake ililipwa na watu, nao wanastahili kutajwa kila kisiwa hiki kinaposifiwa.

Sasa swali lako. Nyumbani tunatembea tukiwa na mzigo kichwani na saa mgongoni. Anayebeba ndoo ya maji hutazama anapokanyaga, na ni sawa, asije akamwaga. Hapa sikuwa na mzigo wala sikuwa nikitarajiwa popote, na macho yangu yakapata nafasi. Nimeona kwamba msitu huu hausimami wenyewe. Uliamuliwa, ukagharimiwa, na unalindwa na vijana wanaokesha doria ziwani wakizuia wanaoiba samaki kwenye mazalia ya sato na sangara, samaki wale wale wanaofika kwenye sufuria zetu Muleba. Mtu hawezi kuyajua haya kwa kuambiwa tu. Miguu ndiyo iliyonifundisha, na nauli ndiyo ada ya shule hiyo.

Mjomba, tangu 2019 Muleba yetu nayo ina sehemu katika Hifadhi ya Burigi-Chato. Watoto wa Ngenge watakua wakiwa jirani wa hifadhi, wakiisikia zaidi kama mahali pa makatazo: usichunge, usikate, usivuke. Nani atawapeleka wakaone kinacholindwa? Wewe u kwenye kamati ya shule. Naomba ulipeleke jambo hili kwenye kikao kijacho. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Tukichanga mapema, darasa moja linaweza kutembea na askari kwa siku moja tu, wakaonyeshwa nyayo, ndege na miti kwa majina yake. Nitachangia sehemu yangu, na nitakuja kikaoni kueleza mwenyewe.

Lakini kabla ya watoto, njoo wewe. Kiangazi cha Juni hadi Agosti njia hukauka na kupanda vilima si kazi. Viatu vyako vya shambani vinatosha. Banda lina nafasi, ndizi nitabeba mimi, na jibu la swali lako utalipima kwa miguu yako mwenyewe.

Nisalimie Shangazi na wote wa nyumbani.

Mpwa wako.