Mafiga ya Chimwaga

Treni haijafika Kilosa, nilikuwa nimeshageuza daftari mara kumi. Mzee wa dirishani uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, hilo daftari lina nini?"

Nikamwonyesha. Lilaze, liinue nyuzi 90 likutazame, kisha lizungushe nyuzi 90 kama usukani. Sasa anza na usukani, mhimili wake ukikuelekea vilevile, ndipo uliinue: linaishia mkao mwingine. Akajaribu mwenyewe, akacheka. Tofauti hiyo ya nani atangulie ndiyo inayobebwa na mabano katika aljebra za Lie. Mabano yakitoa sifuri, zamu si hoja.

Sikuwa nimewahi kuvuka Morogoro. Baada ya Gulwe nyasi zilipauka na mibuyu ikaanza kujitokeza, mmoja hapa, mwingine kule. Kabla ya kushuka mzee alinifundisha kusalimia kwa Kigogo: "Mbukwa."

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kimetawanyika juani, Chimwaga. Nilidhani kutoka koleji moja hadi nyingine ni hatua chache. Nilifika kwa mwenyeji wangu, kaka wa shahada ya uzamili, koo limekauka. Akanipeleka kwa mama lishe, na tukingoja ugali wa mtama na mlenda akaokota kijiti.

Alichora nukta moja mavumbini, tatu zikiizunguka, kila moja ikiunganishwa na ya katikati tu. Michoro hii ni ya Dynkin, aliyeibuni Moscow mwaka 1944 akiwa na miaka 20. Nukta zisizounganishwa haziingiliani: mabano yake ni sifuri. Zilizounganishwa huzaa kitu kipya, nacho huzaa kingine, mpaka uzazi ukome. Nukta 4 zile hujenga aljebra nzima ya dimensheni 28. Mimi nilikuwa nimebeba kurasa za majedwali ya mabano tangu Dar es Salaam!

"Hizi si mafiga?" nikauliza. Mawe matatu yanagusa chungu, lakini hayagusani.

"Ndiyo. Na ukiyabadilisha nafasi yote matatu, mchoro ni uleule. Katika familia yote ya michoro hii iliyo kipande kimoja, huo peke yake ndio wenye tabia hiyo."

Sikuamini. Nikachukua kijiti, nikaongeza nukta ya tano kwenye mkono mmoja. Kweli: sasa ni mikono miwili mifupi tu iliyoweza kubadilishana. Nilikuwa nataka kuweka ya sita mama lishe alipofika na sahani.

"Ondoeni miguu," akasema, "mnanichimbia jiko."