Nani Alishika Kalamu?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi naongeza: aliyekuwepo asipoandika, mwingine humwandikia.

Tazameni Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza. Na ni nani aliyeyatia hayo kitabuni? Meinertzhagen huyo huyo, katika shajara yake iliyochapishwa 1957! Mwuaji ndiye shahidi.

Vita vya Mau Mau, afadhali. J. M. Kariuki, mzaliwa wa Bonde letu hili la Ufa, aliwekwa kizuizini tangu 1953 hadi 1960, na mwaka wa 1963 akatoa kitabu chake mwenyewe. P. M. Kareithi naye akatuandikia riwaya kwa Kiswahili, Kaburi Bila Msalaba, 1969.

Wengine darasani husema, "Aah, hizo ni hadithi za kabila moja, sisi zatuhusu nini?" La hasha! Jirani yangu wa dawati ni Mnandi, mimi ni Mkikuyu. Yeye akisoma ya Kariuki, nami nikisoma ya Koitalel, hapo ndipo tunakuwa Wakenya, si kwa kuimba wimbo wa taifa tu.

Je, na yale ya Nakuru, Januari 2008, kabla hatujazaliwa? Nyumbani wakubwa wakiulizwa hunyamaza. Wenzangu, tuwaulize polepole, tena tuandike kwa Kiswahili ili kila mmoja asome. La sivyo, mgeni atatuandikia.