Kwa Baisikeli Toka Kasongo Hadi Kabambare

Mtu akitoka Kasongo na kuelekea mawio ya jua hushika njia ya Kabambare. Lau angeruka kama ndege, angekwenda zaidi ya kilomita mia. Lakini njia huzunguka vilima na kutafuta vivuko vya mito, hata safari huwa ndefu zaidi. Gari hupita huko kwa shida, na wakati wa mvua kubwa pengine halipiti kabisa. Pikipiki zimeongezeka siku hizi. Lakini chombo kilichoshikamana na njia ile katika miaka mizuri na mibaya ni baisikeli, ambayo watu wa Maniema huiita kinga.

Mwezi wa Julai, shule zilipofungwa na vumbi la kiangazi lilipotanda, tuliifuata njia hiyo. Tulikuwa watu wanane: waalimu watatu na vijana watano. Hatukuwa na biashara yo yote. Tulitaka kutembea tu, kuiona nchi na kuwasalimu watu wake. Hatukujua bado ya kuwa kusafiri bila biashara ni jambo zito.

Siku ya kwanza tulikutana kila saa na watu waliosukuma baisikeli zilizosheheni. Huyu alikuwa na bidoni za mafuta ya mawese, yule na magunia ya mchele. Na waliotoka upande wa pili walileta chumvi, sabuni na vitenge. Mzigo wa kilo mia si ajabu kwao. Mtu hapandi baisikeli ya namna hiyo, bali hutembea kando yake. Hufunga fimbo kwenye usukani apate kuuongoza, na nyingine nyuma ya kiti apate kusukuma. Ndipo huinama na kwenda hivyo kutwa nzima. Penye kijito kisicho na daraja huishusha mizigo yake, akaivusha mmoja mmoja, kisha akaibeba baisikeli begani.

Tuliona jambo moja mapema: watu hao hawakuwa peke yao. Walikwenda wawili wawili au watano watano. Kilima kikiwa kikali, waliziegemeza baisikeli zote, wakaipandisha moja kwa nguvu za watu watatu, kisha wakarudi kuichukua ya pili. Mwenye pampu alikuwa na pampu ya wote, na mwenye viraka alikuwa na viraka vya wote. Baisikeli imeundwa kwa mtu mmoja, lakini njia ya Kabambare haimkubali mtu mmoja.

Alasiri tulikaribia kijiji kimoja kilicho chini ya mteremko. Tuliteremka mbio, kengele zikilia na vijana wetu wakicheka. Ghafula tukaona akina mama wakitoka jikoni, mikono kichwani, na mmoja wao akaanza kulia. Tukashika breki. Mzee mmoja akatujia taratibu, akatuuliza pasipo kutuamkia:

“Wanangu, ni nani aliyekufa?”

“Hakuna aliyekufa, Baba,” akajibu mkubwa wetu. “Twatoka Kasongo, twaenda Kabambare.”

“Mwabeba nini?”

“Hatubebi kitu, Baba.”

“Mwauza nini, basi?”

“Hatuuzi kitu. Twatembea na kuwasalimu watu.”

Mzee akazitazama baisikeli zetu moja baada ya moja, kana kwamba atauona mzigo tuliouficha. Kisha akasema: “Kwetu hapa baisikeli tupu ipitayo mbio huleta habari ya msiba. Na wakati wa vita ilileta mpelelezi. Mwenye amani hupita na mzigo, tena hupita polepole.”

Tuliona haya sana. Vita vya mwaka 1996, na vile vilivyoanza mwaka 1998 na kuendelea hata mwaka 2003, viliikata nchi hii vipande vipande. Mji ulikuwa na wenye bunduki wake, na msitu ulikuwa na wake. Nao wanavijiji waliokaa katikati walishukiwa na pande zote mbili. Wengi walikimbilia porini, na ndugu wakapotezana. Hata baada ya hapo fujo za wenye silaha hazikukoma kabisa katika nchi ya Kabambare. Basi, je, ni ajabu kama watu wamejifunza kuogopa mgeni asiye na sababu ya kuja?

Mkubwa wetu akaomba radhi, akaahidi ya kuwa toka saa ile tutashuka penye kila kijiji na kusukuma. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Mkishuka,” akasema, “mtakaribishwa.” Akawaita akina mama akawatuliza, na yule aliyelia akatuletea maji ya kunywa. Alikuwa na mwana aliyekwenda kutafuta kazi, naye aliogopa kwamba habari zake ndizo tulizozileta.

Tulilala kijijini humo. Kabla ya jua kuchwa watoto walituomba baisikeli. Wale wafupi wasiofikia kiti walipitisha mguu chini ya chuma cha juu, wakakanyaga hali wameinama upande, wakaanguka, wakainuka tena. Kijiji kizima kilicheka, hata na yule mama. Usiku tulikula ugali na sombe, na vijana wa kijiji wakataka habari za mashindano. Walikuwa wamesikia ya kuwa mwezi wa Septemba 2025 waendesha baisikeli wa dunia nzima walishindana Kigali, katika nchi ya Rwanda, na kwamba ndiyo mara ya kwanza mashindano hayo makuu kufanyika Afrika, ingawa yalianza mwaka 1921. Walilijua na jina la Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za mzunguko mkubwa wa Ufaransa mwaka 2024, wala kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyeshinda hata hatua moja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Na watu hao, wakipita vijijini, hawashuki kusalimu?” Tukacheka wote, lakini swali lake lilibaki nasi.

Siku ya pili mpira wa gurudumu moja ulitoboka. Tulipokuwa tukitafuta tundu, mwalimu wa historia aliwaeleza vijana habari ya mpira huo. Baisikeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya haki ya kutengeneza mipira ya kujazwa upepo. Toka hapo watu wengi wa Ulaya walipenda kutembea kwa baisikeli, na viwanda vikataka mpira mwingi. Kwa bahati mbaya nchi ya Kongo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili, na misitu yake ilikuwa na mitambaazi ya mpira. Watu walilazimishwa kuukusanya kwa kiboko na kwa bunduki, na wengi walikufa. “Basi matembezi ya wengine,” akasema mwalimu, “yalilipwa kwa machozi ya babu zetu. Sisi tunaotembea leo tusisahau.” Vijana walinyamaza. Kijana aliyeshika mpira ule mkononi alikuwa akiutazama kama kitu kigeni.

Viraka vyetu havikushika. Tukasukuma mpaka kwa fundi mmoja mwenye karakana yake chini ya mwembe: pampu, karai la maji, kisu, na rundo la mipira mikuukuu. Alifanya kazi kwa ustadi mwingi. Tulipomwuliza ujira wake, alikataa fedha.

“Dada yangu ameolewa Kabambare,” akasema. “Simu haifiki hapa nilipo, na wafanya biashara wapitao wana haraka. Ni miaka miwili sijapata neno lake. Ninyi hamna haraka. Mtafuteni, mmwambie ya kuwa mama yetu bado yu hai na anamwuliza. Huo ndio ujira wangu.”

Tukaandika jina la dada huyo katika daftari, tukaenda.

Njia tuliyoifuata ni ya kale. Katika mwaka 1870 Dr. Livingstone alikaa miezi mingi mahali alipopaita Bambarre, ambapo wengi wasema ndipo Kabambare, akiuguza vidonda vya miguu. Alipoondoka Februari 1871 alichukua wiki sita hivi kufika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Baadaye kidogo Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, mpaka watu wake waliposhindwa na majeshi ya Leopold na mji ukatekwa mwezi wa Aprili 1893. Misafara ya Waungwana ilipita katika nchi hizi na pembe za ndovu na watumwa. Walituachia mchele tunaokula na lugha hii tunayoiandika. Walituachia pia hofu ya kumwona mgeni njiani. Kwa hiyo hofu tuliyoikuta kijijini haikuzaliwa na vita vya juzi tu. Kwa muda mrefu sana watu wa njia hii wameona ya kuwa wapitao huja kuchukua.

Tulifika Kabambare siku ya tatu jioni, wekundu kwa vumbi. Kesho yake tulimtafuta dada wa fundi, tukampata shambani. Tulipomwambia tulilotumwa, aliketi chini kwanza. Kisha akauliza mara tatu, kama mtu asiyesadiki: “Mama yu hai?” Jirani zake wakakusanyika. Mmoja akauliza kama tutapita tena kijiji fulani, kwa kuwa ana shemeji yake huko. Wa pili alikuwa na barua kwa mwanawe asomaye Kasongo. Mpaka jua lilipokuwa utosini, daftari letu lilikuwa limejaa majina.

Tulikaa siku mbili. Vijana wetu walicheza mpira na vijana wa pale, wakashindwa mabao matatu kwa moja, wakaahidiana kurudiana Kasongo mwakani. Wa pale watakuja kwa baisikeli. Wazee walipewa habari hiyo, nao wakaridhika, kwa maana mwenye kukungoja kwa mchezo hatakudhania kuwa adui.

Wasomaji wapenzi, twajua wengine watasema ya kuwa matembezi ni anasa, na kwamba baisikeli ni ya kazi. Kazi twaiheshimu: bila wale wasukumao mawese na chumvi, watu wengi wangekosa mahitaji. Hata hivyo mfanya biashara ana deni mjini, naye lazima awahi soko. Mwenda kwa gari au kwa pikipiki hupungia mkono vumbini, akaenda zake. Yule aendaye kwa baisikeli pasipo haraka ana nafasi ya kushuka, ya kuulizwa jina, ya kulala, ya kutumwa. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 3 Juni kuwa siku ya baisikeli duniani. Ingefaa shule na vyama vya vijana vya Kasongo na Kabambare viadhimishe siku hiyo, au siku nyingine ya kiangazi, kwa kutembeleana.

Lakini waende kwa busara. Kwanza waulize habari za usalama kwa wakubwa wa njia na kwa wasukuma mizigo, ambao hujua kuliko wote. Waende wengi pamoja, wenye pampu na viraka. Mwenye nguvu asiwaache nyuma walio dhaifu. Na penye nyumba za watu, washuke.

Katika kurudi tulikuwa na karanga za fundi kutoka kwa dada yake, kuku wawili, barua saba, kitenge cha mama mkwe, na salamu zisizohesabika. Fundi alipoupokea mfuko wake hakusema neno. Aliufungua, akazinusa karanga, akaufunga tena kwa ajili ya mama yake.

Tulipofikia ule mteremko wa siku ya kwanza, tulishuka sote kabla hatujaambiwa, tukasukuma. Akina mama walitoka tena jikoni. Safari hii hakuna aliyeshika kichwa. Mzee akatujia, akatuamkia kila mmoja kwa mkono, akaitazama mizigo iliyofungwa nyuma ya viti.

“Leo mwabeba nini, wanangu?” akauliza.

Tukafungua daftari, tukamtafutia jina lake. Lilikuwamo: shemeji yake wa Kabambare alikuwa amemletea salamu.