Maleba ya watoto wa Kipungani

Sisi tuliokulia Kipungani miaka ya 1970 hatukushonewa nguo za mchezo. Tulijitengenezea. Tukicheza harusi, bibi harusi alifungwa leso ya mamake kichwani na nyingine kiunoni, na akina bibi waliokuwa wakisuka barazani walitupa chane za miaa zilizobaki tumfanyie vikuku. Bibi mmoja alitusimulia habari za shiraa, ile hema ya nguo ambayo wanawake wa Lamu wa zamani walitembea chini yake, kabla ya buibui kuenea. Tangu siku hiyo harusi zetu hazikuwa na maana bila shiraa. Tulikata fito za mkoko, tukatandaza leso mbili juu, watoto wanne wakashika pembe, na bibi harusi wetu akapitishwa kijiji kizima akiwa amefichwa, huku wadogo wakimchungulia kutoka chini.

Wavulana walikuwa na goma lao. Kanzu ya baba ilikunjwa kiunoni hadi ikatosha, bakora ikawa kikonyo cha kuti, wakajipanga mstari mmoja wakayumba polepole kama walivyowaona watu wazima wakati wa Maulidi mjini. Saa ya mkononi, miwani na pete vilitoka kwenye kuti bichi la mnazi. Jioni likinyauka hutupwa, na kesho yake kuti jingine lipo. Mkubwa hakuwa na kazi katika mambo hayo ila kuuliza leso yake iko wapi.

Kijiji chenyewe kilitufundisha. Asiyeijua Kipungani aelewe kwamba iko ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, ng'ambo ya mikoko, na mtu akitujua kwa jambo basi ni mikeka, vikapu na kofia za miaa. Matondoni wanaunda majahazi, sisi tunasuka. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameshajua kusuka ukili, hata kama wake ulikwenda upogo na mamake akaufumua usiku bila kumwambia.

Mambo yaligeuka mwanangu wa kwanza alipoingia nasari, katikati ya miaka ya 1990. Mwalimu aliandaa mchezo wa kuigiza kwa siku ya wazazi, akaniletea habari kwamba mwanangu atakuwa punda. Kwa mara ya kwanza vazi la mchezo likawa kazi ya mama. Niliipokea kwa furaha, na mpaka leo sijashona kitu nilichokipenda kuliko kile kichwa cha punda.

Miaa niliilowesha tangu usiku, maana jani kavu likikunjwa hukatika. Nilianza kama anayeanza kofia: ukili mwembamba unazungushwa kama konokono kuanzia utosini, na kila mzunguko unashonwa kwenye uliotangulia kwa uzi wa jani lilelile. Ulipofika usawa wa paji la uso niliacha kuzungusha, nikaurefusha upande wa mbele mpaka ikatokea pua. Mwanangu alikuwa ameketi kwenye jamvi, ubavuni kwangu, akinisimamia. Nilipotaka kuweka macho kwa mbele, alikataa katakata.

“Mama, punda haoni hivyo.”

Akanishika mkono mpaka kwa punda wa jirani aliyekuwa amefungwa chini ya mwembe, akaninyooshea kidole. Kweli, macho yako pembeni, na katika maisha yangu yote ya kupakia mizigo juu ya punda sikuwahi kulitia jambo hilo maanani. Punda kwetu ndiye gari, na mjini Lamu ana kliniki yake tangu mwaka 1987, lakini mtoto wa miaka mitano ndiye aliyenifundisha kumtazama. Tuliporudi, alidai na sikio la kushoto lichanike, kwa kuwa la yule punda lilikuwa limechanika. Nikalikata kwa mkasi, kisha nikalipinda ukingoni lisifumuke. Manyoya ya shingo yalikuwa kamba ya makumbi iliyotatuliwa. Macho yalikuwa vifungo viwili vya koti kuukuu, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, na vyote viwili alivichagua mwenyewe.

Siku ya wazazi watu walimtambua yule punda kabla mtoto hajasema neno. Walimwita kwa jina la mwenye punda.

Wadogo zake waliofuata walikuwa samaki, kaa na kasa. Miaka hiyo mifuko ya nailoni ilikuwa imejaa kila mahali, nasi akina mama tuliikata tukapata magamba yanayometa, kazi ya saa moja. Mwaka 2017, tarehe 28 Agosti, serikali iliipiga marufuku, na haki yake, kwani ilikuwa ikinyonga mikoko yetu. Watoto hawakukosa. Mwaka 2018 mjini Lamu lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za plastiki taka, likavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Baada ya hapo kila mtoto aliyekwenda ufuoni alirudi na ndara zilizosukumwa na maji. Mjukuu wangu alipata gamba la kasa la ndara za rangi zote, amezitoboa mwenyewe kwa msumari na kuziunga kwa uzi wa kuvulia samaki. Gamba lile lilikuwa zito na lilimwasha mabegani, na hakukubali kulivua.

Mwaka huohuo wa 2019 Mtaala wa Umilisi ulianza rasmi katika madarasa ya chini. Unamtaka mtoto atengeneze vitu kwa mikono yake, na mtu wa Kipungani angetarajia nini kizuri zaidi ya hicho? Ila ujumbe wa shule hufika kwenye simu ya mama Alhamisi jioni, na vazi linatakiwa Ijumaa asubuhi. Basi mama hutuma pesa kwa simu. Joho dogo la satini la kuhitimu PP2, darasa la mwisho la nasari, hutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe upande wa bara, likavuka kwa boti. Idi nayo ikifika, barazani wamekaa Spider-Man watatu kando ya kanzu mpya. Watoto wanafurahi, na furaha ya mtoto siibezi. Wala simlaumu mama anayenunua. Anayesuka kwa kuuza huuhesabu kila ukili, na kikapu kinachosubiriwa na mnunuzi ndicho unga wa kesho.

Lakini kuna kitu kimetuponyoka, na ni mahali anapokaa mtoto wakati vazi linatengenezwa. Kwanza yeye ndiye aliyekuwa fundi. Kisha akawa ubavuni kwa fundi, anatazama na kuamuru. Sasa yuko darasani, vazi linamfikia limekunjwa mfukoni, na yeye hupimwa urefu tu. Siku hizi hapa kijijini nakutana na watoto wa miaka kumi wasiojua kuanza ukili, na mama zao ni mafundi wanaosifiwa Lamu nzima. Hilo linaniuma.

Walimu wetu, ombi langu ni dogo. Ujumbe wa maleba utufikie majuma mawili kabla, kwa sababu miaa hukatwa, huchanwa, huanikwa, hupikwa rangi na kusukwa, na hakuna hata kazi moja kati ya hizo inayokubali haraka. Andikeni pia kwamba sehemu moja ya vazi lazima aifanye mtoto, hata kama ni sikio tu. Na mkichagua wanyama, chagueni walio hapa, punda, kaa wa mikokoni, kunguru wa bandarini, ili kabla ya kushika chane mtoto aende kwanza akawatazame.