Ndege Isiyo na Kivuli

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdomo uliponza kichwa. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie yaliyonifika nilipokuwa kidato cha pili.

Mwenzangu wa deski moja alikuja darasani na picha kubwa iliyopigwa na setilaiti. Alinuia kuitumia katika mradi wake wa kongamano la sayansi. Mlikuwa na mashamba, miti na nyumba, na juu yake ndege ya abiria, nyeupe pe! Kila mti ulikuwa na kivuli chake, kila nyumba vilevile. Ndege je? Hata dalili!

"Wacha uongo, bwana!" nikamkemea mbele ya darasa zima. "Hiyo ndege umeibandika. Ni kitu gani hakina kivuli kama si jini?"

Darasa likaangua kicheko. Maskini, aliikunja picha yake kimyakimya na kujiondoa katika kongamano. Tangu siku hiyo tuliketi deski moja kama maji na mafuta.

Jumamosi moja nilikuwa nikianika nguo nyuma ya bweni, jua likichoma kwelikweli. Mashati yalitupa vivuli chini, lakini waya wenyewe uliokuwa juu ya kichwa changu sikuona kivuli chake. Mwisho wa pili, pale ulipolegea hadi karibu kugusa saruji, kivuli kilionekana wazi kama mstari wa wino. Moyo ukanipiga pa!

Mbio hadi kwa mwalimu wa Fizikia. Akacheka.

"Kijana, jua si nukta. Ukilitazama kutoka hapa, upana wake ni kama nusu digrii. Kitu kikiwa mbali nawe zaidi ya mara 108 hivi ya upana wake, hakiwezi kulifunika lote. Mwanga hupita kando na kukifuta kivuli."

Tukapiga hesabu. Kivuli kamili cha waya wa milimita 3 hufika sentimita 32 tu. Cha kiwiliwili cha ndege chenye upana wa mita 4, mita 430 hivi. Nayo ndege ya safari ndefu hupaa kiasi cha mita 10,000! Kinachofika chini ni utusitusi usiotambulika. Tena jua likiwa digrii 45 angani, hata huo utusitusi huangukia kilomita 10 kando, pengine nje ya picha kabisa. Ndege inayokaribia kutua ndiyo huonyesha kivuli waziwazi.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lilelile lililocheka, nikaeleza yote, nikamwomba mwenzangu radhi. Akanitazama kitambo.

"Yameisha," akasema. "Lakini si ungeniuliza kwanza?"

Sikuwa na jibu. Siku ya kupeleka miradi ilikuwa imeshapita.

Ewe msomaji, kabla hujamwita mwenzio mwongo, uliza. Kuuliza si ujinga.